Kupanga safu za data iliyofungamanishwa: kazi hii ni ya nani?

Mtumiaji anabofya kichwa cha safu wima ya tarehe akitegemea rekodi zijipange kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Jedwali linabaki vilevile. Anabofya tena, wapi. Mtengenezaji wa programu akija kukagua anakuta kila kitu kiko sawa kwa macho: data imo, kupanga kumeruhusiwa, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Kisha anafungua dirisha jingine la programu hiyohiyo, lenye jedwali la aina ileile, na huko kubofya kunafanya kazi vizuri bila yeye kuwa ameandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wanalitafuta kosa ndani ya jedwali. Lakini jedwali lililofungamanishwa na chanzo cha data halina safu zake lenyewe. Linachora kile linachopewa, kwa utaratibu linaopewa. Mpangilio unaishi katikati, kati ya data na jedwali, katika tabaka ambalo mara nyingi halionekani, na kila mfumo wa kutengeneza madirisha umeliweka tabaka hilo mahali pake. Ukishajua lilipo katika mfumo unaoutumia, mafumbo mengi ya kupanga yanafunguka yenyewe.

Jedwali huuliza, chanzo hujibu

Tuchukue Windows Forms, mfumo wa Microsoft wa kutengeneza madirisha katika .NET, ambako fumbo hili hujitokeza waziwazi. Jedwali lake, DataGridView, lilikuja na .NET 2.0 mwaka 2005, na lina maisha mawili tofauti kabisa. Ukiliongezea safu moja moja kwa mkono, thamani zote ni mali yake, na linaweza kuzipanga litakavyo: unaweza kuita Sort na kulipa mlinganishaji wako, yaani msimbo unaoamua thamani ipi kati ya mbili itangulie, au kusikiliza tukio la SortCompare na kuamua safu ipi itangulie. Ukiliwekea DataSource, yaani chanzo cha data, haki hizo zinaondoka. Tukio la SortCompare haliitwi tena. Ukiita Sort kwa kulipa mlinganishaji, unapata InvalidOperationException papo hapo. Jedwali limekabidhi kazi ya kupanga kwa chanzo, na kuanzia hapo haliwezi kuifanya lenyewe.

Mtumiaji anapobofya kichwa cha safu wima, basi, jedwali linageukia chanzo na kuuliza: je, unaweza kupanga? Swali hilo hupitia kiolesura (orodha ya uwezo ambao kitu huahidi kuwa nao) kiitwacho IBindingList, kwenye sifa ya SupportsSorting. Jibu likiwa ndiyo, jedwali linakiambia chanzo kijipange kwa sifa fulani na kwa mwelekeo fulani, kisha linachora upya. Jibu likiwa hapana, au chanzo kisipokifahamu kiolesura hicho kabisa, jedwali linanyamaza. Ndiyo maana hakuna ujumbe wa hitilafu: kwa upande wa jedwali, hakuna kilichoharibika.

Sasa tofauti ya yale madirisha mawili inaeleweka. Dirisha linalofanya kazi limefungwa kwenye DataTable, yaani jedwali la data linalokaa kwenye kumbukumbu ya programu. Jedwali halioni DataTable moja kwa moja. Linaona DataView iliyo mbele yake, na DataView hujibu ndiyo. Dirisha lililonyamaza limefungwa kwenye List ya vitu vya kawaida, ambayo haijui lolote kuhusu IBindingList. Wengi hubadilisha List kuwa BindingList wakidhani wamemaliza, na hapo hupata mshangao wa pili. BindingList ina kiolesura kinachotakiwa, inatoa taarifa safu zinapoongezwa na kuondolewa, lakini kwa swali la kupanga jibu lake la awali ni hapana. Kuweka BindingSource katikati hakusaidii pia, kwa sababu BindingSource hupeleka swali kwa orodha iliyo ndani yake na kurudisha jibu lilelile.

Njia iliyokusudiwa ni kurithi BindingList na kujaza sehemu zilizoachwa wazi: SupportsSortingCore irudishe kweli, IsSortedCore, SortPropertyCore na SortDirectionCore zieleze hali ilivyo sasa, na ApplySortCore ifanye kazi yenyewe. Kiini chake ni kifupi:

```csharp
protected override void ApplySortCore(
    PropertyDescriptor sifa, ListSortDirection mwelekeo)
{
    var mpya = mwelekeo == ListSortDirection.Ascending
        ? Items.OrderBy(x => sifa.GetValue(x)).ToList()
        : Items.OrderByDescending(x => sifa.GetValue(x)).ToList();

    for (int i = 0; i < mpya.Count; i++)
        Items[i] = mpya[i];

    sifaYaSasa = sifa;
    mwelekeoWaSasa = mwelekeo;
    imepangwa = true;

    OnListChanged(
        new ListChangedEventArgs(ListChangedType.Reset, -1));
}
```

Mstari wa mwisho ndio husahaulika zaidi. Bila taarifa ya Reset, orodha imepangwa kweli lakini jedwali halijui, na linaendelea kuonyesha kile lilichokwisha kuchora mpaka kitu kingine kililazimishe kuchora upya. Dalili yake ni mpangilio unaotokea nusunusu mtumiaji anaposogeza jedwali juu na chini.

Kuna jambo jingine ndani ya msimbo huu ambalo halionekani upesi. Unahamisha vitu vyenyewe ndani ya orodha. Ukiijenga BindingList kwa kuipa List uliyokuwa nayo tayari, haitengenezi nakala, inaivaa ileile. Mtumiaji akibofya kichwa cha safu wima, List yako ya asili inabadilika utaratibu, na sehemu nyingine ya programu iliyokuwa ikiitegemea kwa utaratibu wake wa mwanzo itapata matokeo mengine. Mtumiaji amebofya ili aone vizuri, na kumbe amebadilisha data. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii, na kama orodha inatumiwa na zaidi ya dirisha moja, mpe BindingList nakala yake mwenyewe.

Tabaka la katikati likiwa na mwili wake

Mifumo mingine ililiona tatizo hilo na kulipa tabaka la katikati mwili kamili. DataView ni mfano mzuri: DataTable iliyo nyuma yake haiguswi kabisa. DataView hutunza faharasa, yaani utaratibu wa kuzisoma safu, kama faharasa ya mwisho wa kitabu inavyokuelekeza kurasa kwa alfabeti bila kuhamisha hata ukurasa mmoja. Unaandika Sort = "Idara ASC, Jina ASC" na umemaliza. Unaweza kuwa na DataView tatu juu ya DataTable moja, kila moja na mpangilio wake, bila kugombana.

WPF, mfumo mwingine wa madirisha wa Microsoft uliokuja na .NET 3.0 mwaka 2006, ilifuata wazo hilohilo kwa orodha za vitu vya aina yoyote. Kila unapofunga orodha ya vitu kwenye kidhibiti, WPF huweka mwonekano kati yao hata kama hukuuomba, na mpangilio hukaa humo, kwenye SortDescriptions. Ndiyo maana DataGrid ya WPF hujipanga kwa kubofya hata juu ya List ya kawaida. Lakini urahisi huo una upande wa pili: mwonekano wa awali wa orodha moja ni mmoja tu. Ukifunga orodha ileile kwenye majedwali mawili, ukapanga la kushoto, la kulia nalo linapangika, na hata safu iliyochaguliwa inaweza kufuatana. Watu huita hitilafu, lakini mfumo umefanya ulichouambia. Kila jedwali lipe CollectionViewSource yake, na yatatengana.

Java iliingiza tabaka hili katika Swing, mfumo wake wa madirisha, kwenye toleo la 6, mwaka 2006, kwa TableRowSorter. Kabla ya hapo kila mtu aliandika lake. Qt, mfumo wa madirisha wa C++, nayo ina QSortFilterProxyModel, ambayo hukaa mbele ya modeli halisi (kitu kinachobeba data) na kujifanya modeli: jedwali huamini linazungumza na data yenyewe, kumbe linazungumza na msimamizi anayetafsiri namba za safu kwenda na kurudi. Nikiulizwa mpangilio upi ni safi zaidi, nitautaja huu wa Qt, kwa sababu unaweza kuzipanga modeli hizi moja mbele ya nyingine, moja ichuje na nyingine ipange, na kila moja inabaki na kazi moja.

Namba mbili za safu moja

Tabaka la katikati linaleta hatari yake, na hii ndiyo sehemu ninayotaka msomaji aisome kwa utulivu, kwa sababu kosa lake halina kelele. Halisimamishi programu. Linafuta rekodi isiyo yake.

Mara tu mpangilio unapowekwa, kila safu ina namba mbili: ya mahali inapoonekana, na ya mahali ilipo katika data. Tuseme data ina safu nne, kuanzia 0 hadi 3, na baada ya kupanga zinaonekana hivi: juu kabisa ipo ya 3, kisha ya 0, kisha ya 2, mwisho ya 1. Mtumiaji anachagua safu ya juu na kubonyeza kitufe cha kufuta. Katika Swing, getSelectedRow inarudisha 0, kwa sababu ni ya kwanza machoni. Msimbo ukichukua 0 hiyo na kuipeleka moja kwa moja kwenye modeli, utafuta safu ya 0 ya data, ile iliyokuwa inaonekana ya pili. Mtumiaji anaona safu aliyoichagua bado ipo, na jirani yake haipo. Ukiwa hujapanga, namba zote mbili ni sawa, kwa hiyo majaribio yote ya mwanzo yatapita bila doa. Kosa linasubiri siku mtu atakapobofya kichwa cha safu wima.

Dawa ni kutafsiri namba kila mara unapovuka tabaka. Swing ina convertRowIndexToModel na convertRowIndexToView. Qt ina mapToSource na mapFromSource. Katika Windows Forms, njia salama ni kuachana na namba kabisa na kuomba kitu chenyewe: safu ya DataGridView ina sifa ya DataBoundItem, inayokurudishia kitu halisi kilichofungwa hapo. Ukiwa na DataTable, DataBoundItem ni DataRowView, na ndani yake kuna Row unayoitaka. Msimbo wowote unaosoma RowIndex ya jedwali na kuitumia kwenye Rows za DataTable ni wa kushukiwa, hata kama leo unafanya kazi.

Kumbukumbu ya uteuzi inafuata kanuni hiyohiyo. Watumiaji hukereka wanapopanga jedwali na kupoteza safu waliyokuwa wakiishughulikia. Kabla ya kupanga, tunza ufunguo wa rekodi iliyochaguliwa, yaani ile namba yake ya kipekee katika hifadhidata. Baada ya kupanga, itafute kwa ufunguo huo, ichague, na usogeze jedwali hadi ionekane. Ukitunza nafasi badala ya ufunguo utachagua safu nyingine iliyohamia pale.

10 kabla ya 9

Malalamiko mengine ya kawaida ni kwamba jedwali limepanga, lakini vibaya: 1, 10, 100, 2, 20, 3. Hapa kupanga kumefanyika sawasawa, ila thamani zilizopangwa ni maandishi. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, na "10" hutangulia "9" kwa kuwa 1 hutangulia 9. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyeiandaa data kwa ajili ya macho mapema mno: akageuza kiasi kuwa maandishi yenye mikato, au tarehe kuwa "05/11/2023", kisha akaifunga hiyo kwenye jedwali. Tarehe za mtindo huo hupangwa kwa siku kwanza, mwezi baadaye, mwaka mwisho, na matokeo hayana maana kwa yeyote.

Funga thamani halisi, acha sura yake iamuliwe wakati wa kuchora. Mifumo yote niliyoitaja ina mahali pa kuweka umbo la kuonyesha bila kugusa thamani: DefaultCellStyle.Format katika DataGridView, StringFormat katika WPF, kichoraji cha seli katika Swing. Katika Qt kila seli inaweza kubeba thamani kadhaa kwa majukumu tofauti, na setSortRole huchagua ipi itumike kupanga, kwa hiyo seli inaweza kuonyesha "saa 2 zilizopita" huku ikipangwa kwa muda kamili ulio nyuma yake.

Swing ina mtego wake hapa. TableRowSorter huchagua njia ya kulinganisha kwa kuuliza modeli aina ya kila safu wima kupitia getColumnClass. DefaultTableModel hujibu Object kwa zote, hata kama umeweka namba tupu ndani, na kwa Object kipangaji hugeuza thamani kuwa maandishi. Unaweka namba, unapata mpangilio wa maandishi. Ukiandika upya getColumnClass irudishe Integer au aina inayostahili, tatizo linakwisha.

Maandishi halisi nayo yana mambo yake. Ukilinganisha kwa thamani za kodi za herufi peke yake, Z kubwa hutangulia a ndogo, kwa kuwa katika ASCII Z ni 90 na a ni 97. Kwa jedwali linalosomwa na watu hilo halifai. Tumia ulinganishaji unaofuata lugha: Collator katika Java, au StringComparer ya utamaduni husika katika .NET. Na lugha hazikubaliani. Kiswidi huweka å, ä na ö mwisho wa alfabeti baada ya z, ilhali Kijerumani huiweka ä pamoja na a. Kwa hiyo orodha ileile ya majina inaweza kupangwa kwa namna mbili sahihi, kutegemea kompyuta imewekwa kwa lugha gani. Kwa msimbo unaolinganisha vitambulisho vya ndani, ambavyo mtu hasomi, fuata kodi za herufi. Kwa kinachosomwa, fuata lugha. Na kama majina yana namba ndani yake, mfano Faili 2 na Faili 10, utahitaji ulinganishaji unaozisoma tarakimu kama namba nzima. Windows hupanga majina ya mafaili hivyo tangu Windows XP ya mwaka 2001, na watumiaji wameshazoea.

Thamani tupu zipite haraka: katika .NET, null huhesabiwa ndogo kuliko zote, hivyo hutangulia katika mpangilio wa kupanda. SQL Server, MySQL na SQLite hufanya vivyo hivyo. PostgreSQL na Oracle huziweka mwisho. Ukihamisha kazi ya kupanga kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye hifadhidata, safu tupu zinaweza kuruka kutoka juu hadi chini bila mtu kugusa msimbo mwingine. PostgreSQL na Oracle hukuruhusu kuandika NULLS FIRST au NULLS LAST, na ni vyema uandike.

Safu zinazolingana

Mtumiaji anapanga kwa jina, kisha anapanga kwa idara, akitarajia ndani ya kila idara majina yabaki yamepangwa. Matarajio hayo ni ya haki, lakini yanatimia tu kama algoriti ni thabiti, maana yake safu zenye thamani sawa zinabaki katika utaratibu zilizokuwa nao. List.Sort ya .NET si thabiti. Tangu .NET 4.5 ndani yake kuna introsort, mchanganyiko wa algoriti uliobuniwa na David Musser mwaka 1997, ambao ni wa kasi lakini hautunzi utaratibu wa zinazolingana. OrderBy ni thabiti, na ndiyo sababu niliitumia katika msimbo wa juu. Java hupanga orodha za vitu kwa Timsort, aliyoibuni Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya Python, nayo ni thabiti.

Algoriti isiyo thabiti hukera kwa namna ambayo mtumiaji hawezi kuieleza: kila anapobofya, safu zenye idara moja zinabadilishana nafasi, na jicho lake linapotea. Hata ukiwa na algoriti thabiti, nashauri uongeze kigezo cha mwisho ambacho hakirudiwi, kama ufunguo wa rekodi. Hapo hakuna safu mbili zinazolingana, na mpangilio ni uleule kila mara.

Ukiandika mlinganishaji wako, hakikisha hajipingi. Akisema A hutangulia B, na B hutangulia C, basi A lazima itangulie C. Tangu Java 7 ya mwaka 2011, Timsort ikigundua mlinganishaji anayejipinga inaweza kusimamisha kazi kwa ujumbe "Comparison method violates its general contract!". Kisababishi kinachojulikana sana ni kulinganisha namba kwa kutoa moja kutoka nyingine. Chukua 2,000,000,000 na −2,000,000,000 katika namba za biti 32. Tofauti ni 4,000,000,000, ambayo haienei humo, kwa hiyo inazunguka na kuwa −294,967,296. Mlinganishaji anatangaza kwamba namba kubwa ni ndogo. Tumia Integer.compare au CompareTo. Zipo kwa ajili hiyo.

Safu inayokimbia

Hadi hapa tumeichukulia data kama imetulia. Sasa mtumiaji amepanga kwa bei, na anasahihisha bei ya safu moja. Anamaliza, anahama, na safu inatoweka mbele ya macho yake. Imekwenda mahali pake papya, labda mbali chini. DataView hufanya hivi kwa kawaida yake, kwa sababu faharasa yake hujirekebisha kila badiliko linapothibitishwa. DataGrid ya WPF nayo huihamisha safu mtumiaji anapothibitisha alichohariri, lakini thamani ikibadilishwa na msimbo WPF haifanyi hivyo mpaka uiombe, na uwezo huo wa kupanga papo kwa papo uliongezwa katika .NET 4.5 mwaka 2012, kwa IsLiveSorting.

Msimamo wangu ni kwamba jedwali la kuhariri lisijipange lenyewe wakati mtu anaandika. Mtu huyo anashika safu kwa jicho, na kumhamishia ni kumkatiza. Apange anapotaka, na safu zitulie mpaka apange tena. Jedwali la kutazama tu, kama la michakato inayoendelea au vipimo vinavyoingia kila sekunde, ni jambo jingine. Hapo kujipanga ndilo lengo.

Msimbo nao hukumbwa na safu zinazokimbia. Kitanzi kinachopita kwenye DataView iliyopangwa kwa bei, na ndani yake kinaongeza bei ya kila safu, kinabadilisha ardhi kinayokanyaga. Safu inayoongezewa bei inashuka mbele, kitanzi kinaikuta tena na kuiongezea mara ya pili, huku nyingine ikirukwa. Nakili safu zote kwenye orodha ya kawaida kwanza, kisha zipitie humo, au ondoa Sort kabla ya kuanza na uirudishe ukimaliza.

Safu laki moja, na zaidi

Kupanga safu 100,000 kunahitaji takribani ulinganisho milioni 1.7. Idadi hiyo ni ndogo kwa kompyuta ya leo, mradi kila ulinganisho uwe mwepesi. Uzito huja pale kila ulinganisho unapolazimika kuichimba sifa ya kitu kwa jina lake wakati programu inaendeshwa, mara mbili kwa kila jozi. OrderBy huepuka hilo kwa kuchukua ufunguo wa kila safu mara moja tu. Katika WPF, SortDescriptions ni rahisi kuandika lakini ni nzito kwa orodha kubwa. CustomSort ya ListCollectionView, unapoandika mlinganishaji mwenyewe, ina kasi zaidi.

Mara nyingi kinachochelewesha si kupanga, ni taarifa. Ukiongeza safu elfu kumi kwenye orodha iliyofungwa, jedwali linaambiwa mara elfu kumi. Zima taarifa kwanza: RaiseListChangedEvents katika BindingList, DeferRefresh katika WPF, BeginLoadData katika DataTable. Ongeza, panga, kisha toa taarifa moja. Na kama kupanga kwenyewe kunagandisha dirisha, kufanye kwenye uzi mwingine (mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba) juu ya nakala, kisha ubadilishe orodha kwenye uzi wa dirisha. Kuipanga orodha iliyofungwa moja kwa moja kutoka uzi mwingine ni kukaribisha hitilafu zisizorudiwa.

Lakini data ikiwa mamilioni ya safu, na jedwali likileta ukurasa mmoja mmoja kutoka hifadhidata, tabaka la katikati halina tena la kupanga. Ukipanga safu 50 zilizo mkononi, mtumiaji ataona "ghali kuliko zote" juu, wakati ghali halisi iko ukurasa wa 300. Kubofya kichwa lazima kuwe ombi jipya kwa hifadhidata, lenye ORDER BY (agizo la SQL la kupanga) na likianza tena ukurasa wa kwanza. Hapa ndipo SortMode ya Programmatic katika DataGridView inapohitajika, na tukio la Sorting katika WPF ukiweka Handled kuwa kweli: jedwali linakuachia kazi. Ukishaichukua, mshale wa kwenye kichwa nao ni wako, na utauweka mwenyewe kwa SortGlyphDirection au SortDirection, la sivyo data itapangwa na mtumiaji hatajua kwa lipi.

Katika ombi hilo ORDER BY lazima imalizike kwa ufunguo wa kipekee. Hifadhidata haina wajibu wa kurudisha safu zinazolingana kwa utaratibu uleule mara mbili, na kila ukurasa ni ombi linalojitegemea. Kupanga kwa idara pekee kunaweza kuleta rekodi moja kwenye ukurasa wa 2 na tena kwenye ukurasa wa 3, huku nyingine isionekane kokote. ORDER BY idara, jina, kitambulisho. Na safu wima ya kitambulisho haihitaji kuonyeshwa kwenye jedwali.